Kuanza kukimbia: pumzi huzoea mapema, mifupa huchelewa

Swali: "Nina miaka 36, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nina kilo 84 na watoto wawili, mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Mwezi uliopita nilianza kukimbia, kila asubuhi, siku 11 mfululizo. Mwanzoni pumzi ilikuwa inakata baada ya dakika tatu tu, lakini kufikia siku ya nane nikawa namaliza kilomita mbili bila kusimama. Hapo ndipo miguu ilipoanza kuuma, sehemu ya mbele chini ya goti, upande wa ndani, yote miwili. Siku ya 11 hata kushuka kwenye daladala ilikuwa shida, nikaacha. Sasa ni wiki moja. Mume wangu anasema nijikaze, mwili utazoea. Raba nilinunua za mtumba, soko la Karume. Presha nimepima, iko sawa. Je, nijikaze, au mimi sikuumbwa kwa mbio? Na nitapungua kweli?"

Jibu: Usijikaze, dada. Shemeji ana nia njema, na ni kweli kwamba mwili huzoea, ila viungo vya mwili havizoei kwa pamoja. Ukilijua hilo, mengine yote yatakayofuata hapa yatakuwa mepesi kuelewa.

Moyo na mapafu ndivyo vinavyowahi. Ndani ya wiki moja au mbili damu inaongezeka ujazo, moyo unasukuma zaidi kwa pigo moja, na mtu aliyekuwa anatweta kwa dakika tatu anajikuta anakwenda robo saa. Misuli inafuata, wiki nne hadi sita. Kano na mifupa ndiyo ya mwisho kabisa, na hapo tunahesabu miezi. Mfupa uliopewa kazi mpya hauanzi kwa kuongezeka nguvu. Unaanza kwa kujibomoa: chembe maalumu zinakwangua sehemu iliyochoka, kazi ya wiki tatu hivi, kisha nyingine zinajaza mfupa mpya, na huko kujaza na kukomaa kunachukua miezi kadhaa. Ni kama fundi anayekarabati ukuta: kabla hajapiga plasta mpya anabandua ile ya zamani, na siku hizo ukuta una mashimo.

Sasa angalia hesabu yako. Kila mguu unapotua ukiwa unakimbia, unabeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako, yaani kati ya kilo 170 na 250. Kilomita mbili kwa mwendo wa mtu anayeanza ni hatua kama 2,500. Ukifanya hivyo kila siku bila kupumzika, ukuta unagongwa nyundo wakati fundi bado anabandua plasta. Ndiyo maana maumivu hayakuja siku ya kwanza ulipokuwa hoi, yakaja siku ya nane ulipojiona umeiva. Pumzi ilikupa ruhusa ambayo miguu ilikuwa haijaitoa. Hukukosea kwa kuwa mvivu au mnene. Ulikosea kwa bidii.

Kabla hujarudi barabarani, kagua miguu. Kaa kitini, kunja goti, shika mfupa wa muundi na upitishe dole gumba taratibu kwenye ukingo wake wa ndani, kuanzia juu ya kifundo kwenda juu, ukibonyeza kila sentimita. Ikiwa maumivu yametanda, urefu wa vidole vinne au zaidi, na miguu yote miwili inafanana, basi huenda ni uchungu wa utando mwembamba unaofunika mfupa na misuli iliyojishika hapo. Ni tatizo la kawaida sana kwa wanaoanza na hupona kwa kupumzika. Ikiwa kuna sehemu moja tu, ya kufunikwa na ncha ya kidole, na ukiibonyeza unaruka. Au mguu unauma usiku umelala. Au huwezi kurukaruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu makali, hiyo inaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Nenda hospitali, na mweleze daktari kwamba ulikuwa unakimbia. Jambo moja la kujua: picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi ufa wa namna hii katika wiki mbili tatu za mwanzo. Ukiambiwa "picha iko safi" na mguu bado unauma sehemu ileile, usichukulie kuwa ni ruhusa ya kukimbia.

Tuseme ni ule wa kutanda, na kwa maelezo yako unaelekea huko. Endelea kutembea, maana kutembea hakukatazwi kama hakuumi. Siku utakapotembea kwa haraka dakika 30 bila maumivu, asubuhi ya pili ukabonyeza mfupa usisikie kitu, na ukaweza kurukaruka mara 10 kwa kila mguu, hapo uko tayari. Wengi hufika hapo ndani ya wiki mbili hadi sita. Dawa za maumivu usimeze ili ukimbie. Maumivu ndiyo kipimo pekee ulicho nacho, na ukikizima hutajua unavuka mstari lini.

Wiki hizo za kungoja zitumie kujenga miguu. Mazoezi matatu yanatosha, siku tatu kwa wiki, hapohapo jikoni wakati ugali unatokota. La kwanza, simama ukishika meza, inuka juu ya vidole vya miguu, hesabu mbili kupanda na tatu kushuka, mara 12, raundi mbili. Ukizoea, fanya kwa mguu mmoja mmoja. La pili ni hilohilo lakini magoti yamekunjwa kidogo, kwa sababu msuli wa ndani wa kigimbi hufanya kazi zaidi goti likikunjwa, na ndio unaobeba mzigo mkubwa mbioni. La tatu, egemea ukuta kwa mgongo, visigino mbele ya ukuta kwa urefu wa wayo mmoja, kisha inua vidole vya miguu juu na kuvishusha, mara 15. Hilo utalisikia likichoma mbele ya muundi, na ndipo linapotakiwa.

Halafu mwendo. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, kwa sababu kichwani mwao kukimbia maana yake ni kukimbizwa. Kumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi: mmoja anaimba, wote wanaitikia, safari nzima. Ule mwendo ulikuwa wa polepole kwa lazima, kwani huwezi kuitikia wimbo huku unatweta. Basi huo ndio mwendo wako kwa miezi mitatu. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata, mwendo ni sahihi. Ukibaki na maneno mawili mawili, punguza. Ukiwa peke yako, jisemeshe. Barabarani alfajiri hakuna atakayekushangaa, na akishangaa atazoea. Utajiona unakwenda polepole mno, pengine dakika 8 au 9 kwa kilomita, na wazee wanaotembea watakukaribia. Ni sawa. Wakimbiaji wa kulipwa wa Arusha na Iten wenyewe, wanaoweza kukimbia marathoni kwa dakika tatu kwa kilomita, sehemu kubwa ya mazoezi yao ya wiki ni mbio nyepesi za kupiga soga.

Ratiba ifuatayo ni ya siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Kati ya siku na siku lazima kuwe na mapumziko ya mbio, ingawa kutembea ruksa. Kila siku anza kwa kutembea haraka dakika 5 na umalizie kwa kutembea dakika 5. Kinachopimwa ni dakika, achana na kilomita kwa sasa.

Wiki ya 1: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8.
Wiki ya 2: kimbia 2, tembea 2, mara 6.
Wiki ya 3: kimbia 3, tembea 2, mara 5.
Wiki ya 4: rudia ya 2.
Wiki ya 5: kimbia 5, tembea 2, mara 4.
Wiki ya 6: kimbia 7, tembea 2, mara 3.
Wiki ya 7: kimbia 10, tembea 2, kimbia 10, tembea 2, kimbia 5.
Wiki ya 8: rudia ya 6.
Wiki ya 9: kimbia 15, tembea 2, kimbia 10.
Wiki ya 10: kimbia 20, tembea 2, kimbia 8.
Wiki ya 11: kimbia 25 mfululizo.
Wiki ya 12: kimbia 30 mfululizo.

Wiki ya 4 na ya 8 zimerudishwa nyuma makusudi, kumpa fundi nafasi ya kupiga plasta. Usizirushe. Wiki ya kwanza itakuudhi kwa wepesi wake, hasa wewe uliyekwisha kukimbia kilomita mbili, na kishawishi cha kuruka hadi ya 5 kitakuwa kikubwa. Miguu iliyokwisha kuuma mara moja ina uwezekano mkubwa wa kuuma tena, kwa hiyo wewe ndiye wa mwisho kuruhusiwa kuruka. Wiki ikikushinda, irudie, hakuna anayekudai. Ukikosa siku moja kwa sababu ya mvua au mtoto kuumwa, endelea ulipoishia. Ukikosa wiki mbili, rudi nyuma wiki mbili. Wala usifidie kwa kukimbia siku mbili mfululizo.

Maumivu yakirudi wakati wa ratiba, yape alama kati ya 0 na 10. Mpaka 2, yasiyoongezeka unavyokwenda na yaliyoisha kesho yake asubuhi, vumilia na uendelee. Ya 3 au 4, maliza kwa kutembea na urudie wiki iliyopita. Zaidi ya hapo, au yanayokubadilishia namna ya kutembea, simama siku hiyohiyo. Uchungu wa vigimbi na mapaja unaokuja siku ya pili ukishuka ngazi ni kitu kingine, ni uchovu wa misuli, unaisha kwa siku mbili tatu.

Kuhusu hatua, usijaribu kuiga mtu wa kwenye televisheni. Rekebisha jambo moja tu: usirushe mguu mbele. Mguu unaotua mbali mbele ya mwili, kisigino kikichimba, unafanya kazi ya breki, na breki hiyo inaishia kwenye muundi. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, mguu utue karibu chini ya nyonga. Pima hivi: hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 150 au chini yake, jitahidi ufike 155 hadi 160 bila kuongeza kasi. Sikiliza pia kishindo. Raba zinazopiga lami pwaa-pwaa zinakuambia hatua ni ndefu.

Za Karume sizikatai. Raba nzuri ya mtumba inaishinda mpya ya bei ileile ambayo ni ya urembo tu. Tatizo ni kwamba sponji ya ndani ya soli huchoka, kwa kawaida baada ya kilomita 500 hadi 800, na kwa nje kiatu bado kinang'aa, hasa kikishasuguliwa na muuzaji. Ukizishika, bonyeza sponji kwa dole gumba kutoka ubavuni: iliyo hai inabonyea na kurudi, iliyokufa ni ngumu kama kandambili ya zamani au imejaa mikunjo midogo ya mlalo. Ziweke juu ya meza, uziangalie kwa nyuma. Zikiinama upande mmoja, mwenyewe wa kwanza aliziinamisha kwa mwendo wake na zitakuinamisha na wewe. Vuta soli kidogo kwenye ncha kuona kama gundi imeachia. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, na mbele ya kidole kirefu kubaki upana wa dole gumba. Zikibana, kucha zitakuwa nyeusi. Hizo ulizonazo zipitishe kwenye kipimo hichohicho kabla ya kununua nyingine. Na kama zimepita, usizisingizie, kosa lilikuwa siku 11 mfululizo.

Nguo ziwe nyepesi na zisizoshika jasho. Ukivaa hijabu au suruali pana, chagua kitambaa chembamba, na pindo lisifike chini ya kifundo. Kwa mama aliyenyonyesha, sidiria ya michezo inayobana vizuri ni muhimu karibu sawa na raba. Paka mafuta ya mgando kati ya mapaja na chini ya mikanda ya sidiria. Bila hayo, jasho la Dar na chumvi yake vitakuchubua ndani ya dakika 20.

Joto lenyewe ni mpinzani mkubwa kuliko unavyodhani. Jasho hupoza mwili linapokauka, na kati ya Novemba na Machi hewa ya Pwani imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka. Mwendo uleule wa Julai utakuchosha zaidi Januari, na moyo utapiga zaidi. Punguza mwendo, usijilaumu. Toka pindi kunapopambazuka, kama saa 12 asubuhi, mwanga upo na jua halijawaka. Kabla ya hapo kuna giza, mbwa na mashimo. Ukihisi baridi ghafla katikati ya joto, kichwa kizunguke au jasho likatike, acha, kaa kivulini, jimwagie maji.

Kuhusu njia ya kukimbilia, ile ya udongo mgumu ya mtaani ni nzuri kwa kubadilisha na lami. Mchanga laini wa ufukweni uache kwanza: kisigino kinazama, kigimbi na kano ya nyuma vinavutwa kila hatua. Pale pasipo na njia ya waenda kwa miguu kimbia upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja, ingawa bodaboda hutokea popote, basi masikio yawe wazi. Pembeni mwa lami kunakoteremkia mtaroni mguu mmoja unakuwa chini kila hatua. Ukiweza tafuta palipo sawa.

Vikundi vya jogingi vya Jumamosi na Jumapili vinasaidia sana kwa moyo na usalama, lakini kwa sasa vina hatari moja. Mwendo anauweka mwingine, na aibu ya kubaki nyuma ina nguvu kuliko ratiba yoyote. Nenda, waambie mapema kwamba utakuwa unatembea kila baada ya dakika chache, na utimize. Kikundi kinachocheka anayetembea hakikufai.

Kula na kunywa ni jambo fupi kwa mbio za nusu saa. Glasi moja au mbili za maji ukiamka, ndizi moja ukipenda, au kikombe cha chai. Ukila mlo mzito, subiri muda wa saa tatu kabla ya kukimbia. Kichomi kikikubana ubavuni, tembea, toa pumzi yote kwa nguvu mara kadhaa huku umebonyeza pale panapouma, kitaachia.

Na kupungua? Mbio hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kwa kilo 84, kilomita tatu ni kama 250, karibu sawa na chapati moja ya mafuta. Hivyo ukirudi nyumbani ukajizawadia chapati mbili na soda, umeongezeka. Kwa wiki 12 hizi mbio peke yake hazitakuondolea kilo nyingi. Zitakupa usingizi mzuri, na ngazi hazitakuhemesha tena. Kilo zinaondoka sahanini, na usianze kujinyima sana wakati huohuo unaanza mbio, kwani mfupa unaojengwa unahitaji chakula: dagaa, maharage, mayai, maziwa, mboga za majani.

Mawili ambayo hukuuliza lakini kwa mama wa watoto wawili lazima yasemwe. Kwanza, mkojo ukikuchuruzika unapokimbia au kukohoa, si jambo la kuvumilia kwa vile "ndivyo uzazi ulivyo". Misuli ya chini ya nyonga imelegea na inajengeka: ibane kama mtu anayezuia mkojo, sekunde 5 hadi 10, mara 10, mara tatu kwa siku, na upe miezi mitatu. Tatizo likibaki, au ukihisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, mwone daktari kabla ya kuendelea. Pili, kama hata kwa mwendo wa mchakamchaka bado unahema kupita kiasi wiki baada ya wiki, omba kupimwa wingi wa damu (hemoglobini). Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita inahesabiwa upungufu, na hakuna ratiba itakayoziba pengo hilo. Maumivu ya kifua, kuzimia au moyo kwenda mrama ukiwa unakimbia ni vya hospitali siku hiyohiyo.

Ukimaliza wiki ya 12, kwa mwendo wako utakuwa unafika kama kilomita tatu na nusu kwa ile nusu saa. Kuanzia hapo, siku mbili ziache kwenye dakika 30, na ile ya Jumapili iongeze dakika 3 kila wiki hadi zifike 45. Ziko ndani yake kilomita 5. Mbio za kujifurahisha za kilomita 5 zinazoambatana na Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ni mahali pazuri pa kuzijaribu, na wengi huko wanatembea vipande vya njia. Hesabu nyuma kutoka tarehe hiyo: wiki 5 za kuongeza, wiki 12 za ratiba, na hadi wiki 6 za kusubiri muundi upone. Unahitaji kuanza kuinuka juu ya vidole jikoni ifikapo katikati ya Septemba.